Betri ndiyo mtaji: Pikipiki ya umeme na hesabu ya mlima wa Mwika

WAWEKEZAJI wadogo wa Mwika, Marangu na Himo wanaofikiria kuingiza fedha zao katika pikipiki za umeme hawana sababu kubwa ya kuuogopa mlima. Wauogope zaidi mkataba wa bodaboda usiotaja betri, kwani humo ndimo faida yote ya chombo hicho inamoweza kupotelea, na mara nyingi atakayeumia ni kijana anayekiendesha.

Biashara ya bodaboda katika ukanda huo inajulikana. Barabara ya lami kutoka Himo hupanda hadi Marangu, ikapita Mwika na kuendelea Rombo. Asubuhi mikungu ya ndizi, maziwa na mazao mengine ya kihamba huteremka kuelekea sokoni. Jioni hupandishwa unga, mchele, saruji, vinywaji na abiria. Mwezi Desemba, wana wa Kilimanjaro wanaporudi nyumbani kutoka Dar es Salaam na kwingineko, pikipiki hupata kazi kutwa hadi usiku.

Kinachokula mapato ya kazi hiyo ni mafuta. Bei ya kikomo ya petroli hutangazwa kila mwezi na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA). Mwaka 2022 ilivuka Sh. 3,000 kwa lita, Serikali ikalazimika kutoa ruzuku, na mwaka 2023 ikavuka tena kiwango hicho. Kila bei inapopanda, wauzaji wa pikipiki za umeme hupata wasikilizaji wapya.

Swali la mwekezaji ni rahisi kuuliza: je, chombo hicho kitapanda Mwika kikiwa na mzigo, na je, kitarudisha fedha? Ili kulijibu, bei zilizotumika katika makala haya ni za mfano, isipokuwa pale inapoelezwa vinginevyo. Kila msomaji anaweza kuziondoa na kuweka za siku yake, kwani njia ya hesabu haibadiliki.

Mlima hukopa na kurudisha

Tuchukue pikipiki yenye betri ya voti 72 na ampia 40 kwa saa. Ukizidisha namba hizo mbili unapata wati 2,880 kwa saa, yaani uniti 2.88 za umeme, uniti zile zile zinazonunuliwa kwa LUKU. Kwenye barabara tambarare, pikipiki ya aina hiyo hutumia takribani uniti 0.028 kwa kila kilometa, hivyo betri iliyojaa huipeleka kilometa 100. Hiyo ndiyo namba ambayo muuzaji huiandika kwenye karatasi yake, na si uongo. Kasoro yake ni kwamba imepimwa mahali pasipo na mlima.

Kutoka Himo hadi Mwika ni safari ya kilometa kama 20. Tuchukulie kwamba kimo kinachopandwa ni meta 600, na kwamba pikipiki, dereva na mzigo kwa pamoja vina uzito wa kilo 280. Kuunyanyua uzito huo kimo hicho kunahitaji karibu uniti 0.46. Kwa kuwa mota na vifaa vyake hupoteza sehemu ya umeme kama joto, betri itatoa karibu uniti 0.57. Ongeza uniti 0.56 za mwendo wa kawaida wa kilometa 20, jumla inakuwa uniti 1.1. Kwa maneno mengine, kilometa 20 za kupanda hula umeme wa kilometa 40 za tambarare.

Kuteremka ni hadithi nyingine. Mlima hurudisha sehemu kubwa ya ulichokopa, na uniti 0.2 zinaweza kutosha hadi Himo. Kwa hiyo safari nzima ya kwenda na kurudi inahitaji uniti 1.3, na safari mbili kwa siku zinahitaji 2.6. Betri mpya ya uniti 2.88 inazimudu, ingawa inabakiwa na kidogo sana.

Mji wa Kigali, ambao umejengwa juu ya vilima, ni ushahidi kwamba jambo hilo linawezekana. Kampuni ya Ampersand ilianza kuweka pikipiki za umeme za abiria mjini humo mwaka 2019, na tangu Januari 2025 Rwanda imeweka utaratibu kwamba pikipiki mpya zinazosajiliwa kubeba abiria Kigali ziwe za umeme. Vilima havikuwazuia.

Hata hivyo mnunuzi aangalie mambo mawili. La kwanza ni mota. Mota iliyofungwa ndani ya gurudumu la nyuma hufanya kazi vizuri mjini, lakini kwenye mwinuko mrefu, mwendo unapokuwa mdogo na mzigo mkubwa, hupata joto kali na nguvu yake hupungua. Kwa njia kama ya Marangu na Mwika, mota iliyofungwa katikati ya fremu, inayozungusha gurudumu kwa mnyororo na gia, huvumilia zaidi.

La pili ni breki. Pikipiki ya petroli hushuka ikisaidiwa na injini inapokuwa kwenye gia. Nyingi za umeme hushuka zikisaidiwa na mota, ambayo hugeuka kuwa jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Lakini betri iliyojaa kabisa haipokei tena. Dereva anayelala Mwika na kuchaji usiku kucha ataanza siku kwa mteremko mrefu, akiwa na ndizi nyuma na betri iliyojaa, na breki za kawaida ndizo zitakazobeba kazi yote. Ni busara kuchomoa chaja kabla betri haijajaa kabisa, au kumalizia kuchaji huko Himo.

Petroli kwa umeme

Pikipiki ya petroli ya sisi 125 hadi 150, ikipanda na kushuka na mzigo, tuipe kilometa 30 kwa lita. Safari mbili za kwenda na kurudi ni kilometa 80, yaani lita 2.67. Kwa bei ya Sh. 3,000 kwa lita, dereva anatumia Sh. 8,000 kwa siku.

Kwa upande wa umeme, chaja nayo hupoteza kidogo, hivyo uniti 2.6 za betri zitahitaji uniti 3 kutoka ukutani. Bei ya kundi la T1 la wateja wa Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO), iliyopitishwa na EWURA mwaka 2016, ni Sh. 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Zikiongezwa Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 na tozo za asilimia nne, uniti moja inafika karibu Sh. 356. Uniti tatu ni Sh. 1,068. Tofauti ni zaidi ya Sh. 6,900 kwa siku, na kwa siku 25 za kazi katika mwezi ni Sh. 172,500.

Hapo ndipo wauzaji wengi humalizia hesabu yao. Mfanyabiashara makini aendelee mbele.

Kuna jambo la LUKU ambalo husahaulika. Katika bei hizo za 2016, nyumba inayotumia wastani usiozidi uniti 75 kwa mwezi huwekwa kundi la D1 na kulipa Sh. 100 kwa uniti kabla ya kodi. Nyumba nyingi za vijijini ziko katika kundi hilo. Pikipiki inayokula uniti 3 kwa siku 25 inamaliza uniti 75 peke yake. Nyumba iliyokuwa ikitumia uniti 40 kwa Sh. 4,880 itahamishiwa T1, na uniti zile zile 40 za taa, redio na pasi zitagharimu Sh. 14,240. Ongezeko la Sh. 9,360 ni gharama ya pikipiki, hata kama halionekani kwenye pikipiki. Faida ya mwezi inashuka hadi Sh. 163,000 hivi.

Betri inayochoka mapema

Gharama kubwa zaidi ni betri yenyewe. Injini ya petroli ikichoka, fundi wa Himo huifungua, akabadilisha pistoni na ringi, na chombo kikarudi barabarani kwa gharama ndogo. Betri ya umeme haina matengenezo ya namna hiyo. Ikichoka hununuliwa nyingine, na bei yake inaweza kukaribia ya pikipiki nzima iliyotumika.

Betri hazilingani. Zile za risasi na asidi ni rahisi kwa bei, lakini kwa uwezo wa uniti 2.88 zinaweza kufikia uzito wa kilo 80, yaani sawa na abiria asiyelipa nauli. Zikiwa zinachajiwa na kumalizwa kila siku, hudumu mizunguko 300 hadi 500 tu. Betri za lithiamu ni nyepesi zaidi, na zile za lithiamu na fosfati ya chuma zinaweza kufikia mizunguko 2,000 zikitunzwa. Anayefanya kazi siku 25 kwa mwezi hutumia mizunguko 300 kwa mwaka, kwa hiyo kila mtu anaweza kujipigia.

Tuseme betri nzuri inauzwa Sh. 2,000,000 na inadumu miezi 36. Mwenye chombo anapaswa kutenga Sh. 55,500 kila mwezi ili siku ikifika awe na fedha ya kununua nyingine. Katika ile faida ya Sh. 163,000 atabakiwa na Sh. 107,500. Iwapo pikipiki ya umeme inazidi ya petroli kwa Sh. 1,500,000 wakati wa kununua, tofauti hiyo itarudi kwa miezi 14. Hiyo ni biashara.

Sasa tuseme betri ile ile inadumu miezi 18 tu. Akiba ya kila mwezi inapanda hadi Sh. 111,000, na kinachobaki ni Sh. 52,000. Tofauti ya bei itarudi kwa miezi 29, na kabla ya hapo betri ya pili itakuwa tayari imenunuliwa. Pikipiki ni ile ile, dereva ni yule yule, barabara ni ile ile. Kilichogeuza faida kuwa mashaka ni umri wa betri peke yake.

Na mlima una neno lake hapa. Mjini Moshi, betri iliyoshuka hadi asilimia 80 ya uwezo wake bado inafanya kazi, dereva anapoteza kilometa chache tu. Kwa dereva wa Mwika, asilimia 80 ni uniti 2.3. Atashuka, atapanda, atashuka tena, na kwa ule mpando wa pili atakuwa amebakiwa na uniti 0.8 wakati anahitaji 1.1. Betri itamwishia kilometa tano au sita kabla ya kufika. Ina maana betri ya Mwika huzeeka kibiashara mapema kuliko ya mjini, hata kama ni aina moja na zimenunuliwa siku moja.

Habari njema ni kwamba betri iliyoshindwa na mlima si taka. Bado ina thamani kwa bodaboda wa tambarare za Moshi na Himo. Mwenye pikipiki kadhaa anaweza kuanzia betri juu na kuzimalizia chini, au kuziuza huko kabla hazijashuka zaidi.

Mkataba: nani anabeba betri?

Bodaboda nyingi haziendeshwi na wenyewe. Tajiri hununua pikipiki, kijana huichukua kwa mkataba, analeta hesabu kila siku au kila wiki, na mwisho wa mkataba chombo kinakuwa chake. Utaratibu huo umewapa vijana wengi mali yao ya kwanza. Kwa pikipiki ya petroli ni wa haki kiasi, kwa sababu kinachokabidhiwa mwishoni, hata kikiwa kimechoka, bado ni pikipiki.

Linganisha mikataba miwili ya miezi 18. Ya petroli imenunuliwa Sh. 2,800,000 na hesabu ni Sh. 8,000 kwa siku. Ya umeme imenunuliwa Sh. 4,300,000 na hesabu ni Sh. 12,000 kwa siku. Tajiri wa petroli atapata Sh. 3,600,000, na wa umeme Sh. 5,400,000. Kijana wa umeme anatoa Sh. 4,000 zaidi kila siku, lakini anaokoa Sh. 6,900 za mafuta, hivyo anabaki na Sh. 2,900 zaidi ya mwenzake. Kwa miezi 18 hiyo ni Sh. 1,305,000. Kijana yeyote atasaini.

Lakini betri ikifa mwezi wa 18, siku ya kukabidhiwa kadi ndiyo siku anayohitaji Sh. 2,000,000. Ziada yote aliyopata haifiki hapo, amepungukiwa Sh. 695,000, tena bila kuhesabu ongezeko la LUKU nyumbani kwake. Tajiri ameshatoka na fedha zake. Kijana amemilikishwa fremu, magurudumu mawili na deni.

Na tajiri asidhani kwamba hilo halimhusu. Kijana anayejua kwamba betri haitafika mwisho wa mkataba hana sababu ya kuitunza. Ataimaliza hadi sifuri kila siku, ataichaji ikiwa bado ya moto baada ya kupanda, na mwezi wa 14 atarudisha chombo na funguo mezani. Hapo hasara inarudi kwa mwenye mtaji.

Mkataba unaoeleweka unapaswa kuandika mambo manne. Kwanza, uwezo wa betri siku ya kuanza. Pili, kiwango ambacho ikishuka chini yake itahesabika imekwisha, na kwa njia ya Mwika kiwango hicho kisiwe chini ya asilimia 80. Tatu, akiba ya betri itengwe kando na hesabu. Kwa betri ya Sh. 2,000,000 na miezi 36, akiba hiyo ni kama Sh. 2,200 kwa siku ya kazi, na iandikwe ni ya nani mkataba ukivunjika. Nne, dhamana ya muuzaji itaje miaka na asilimia ya uwezo kwa pamoja, kwani dhamana ya miaka mitatu isiyotaja asilimia inaweza kutimizwa na betri isiyovuka Marangu.

Kupima uwezo huo hakuhitaji fundi wa Dar es Salaam. Zima vifaa vyote vya nyumbani, soma mita ya LUKU, chaji betri kutoka mwisho hadi ijae, kisha soma tena. Betri mpya ya uniti 2.88 itavuta karibu uniti 3.3. Ikivuta 2.6 tu, imeshuka hadi asilimia 80. Pande zote mbili zifanye kipimo hicho pamoja kila baada ya miezi mitatu na kuweka sahihi.

Gari dogo la mtumba

Wapo pia wanaotazama magari madogo ya umeme yaliyotumika kutoka Japani, hasa Nissan Leaf, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 2010 ikiwa na betri ya uniti 24. Likiwa jipya, gari hilo lilipimwa Marekani kwenda kilometa 117 kwa chaji moja. Betri yake haina mfumo wa kupozwa kwa maji, na joto huizeesha. Kwenye dashibodi kuna vipande 12 vinavyoonyesha afya ya betri. Mnunuzi avihesabu kabla ya kutazama rangi na viti.

Kutoka Moshi mjini hadi Mwika na kurudi ni kama kilometa 90. Kwa gari lenye abiria, safari hiyo inahitaji karibu uniti 15 likipanda na kushuka. Betri ya uniti 24 iliyobakiwa na asilimia 70 ina uniti 16.8. Gari litarudi Moshi likiwa karibu tupu, na safari ya Arusha, kilometa 80 hivi, itasubiri kesho. Umeme wake ni kama Sh. 6,000, wakati gari la petroli linalokwenda kilometa 12 kwa lita lingetumia Sh. 22,500. Nafuu ipo, ila ni ya mtu mwenye safari moja inayojulikana na sehemu yake ya kuchaji. Kwa teksi inayoweza kuitwa kokote, ni kubahatisha. Aidha, magari yenye umri mkubwa hutozwa ushuru wa uchakavu bandarini, na hilo liingizwe kwenye hesabu mapema.

Utalii una mazingira tofauti. Mount Kilimanjaro Safari Club ya Arusha ilianza kutumia magari ya umeme ya kutembeza watalii Serengeti mwaka 2018, kwa sababu njia zake zinajulikana, mwendo ni wa polepole na gari hulala kambini penye umeme wa jua. Dar es Salaam nako, Machi 2022, mchora katuni Masoud Kipanya alizindua gari la umeme lililoundwa nchini. Teknolojia ipo. Linalotafutwa ni kazi inayolingana nayo.

Kituo cha betri Himo

Njia moja ya kuondoa mgogoro wa betri ni ile ya Kigali. Dereva hununua pikipiki bila betri. Betri ni mali ya kampuni, na akiishiwa hufika kituoni, hukabidhi iliyokwisha na kuchukua iliyojaa kwa malipo. Hatari ya betri kufa inahamia kwa anayeweza kuibeba.

Je, mfanyabiashara wa Himo anaweza kufungua kituo cha namna hiyo? Tuseme ana betri 20 zilizogharimu Sh. 40,000,000, na anatoza Sh. 3,500 kwa kubadilisha. Dereva anayetumia betri moja kwa siku anaokoa Sh. 4,500 dhidi ya petroli bila kumiliki betri, hivyo wateja watakuwepo. Umeme wa kujaza betri moja ni Sh. 1,175, na kinachobaki ni Sh. 2,325. Akibadilisha betri 18 kwa siku, kwa siku 900 za kazi katika miezi 36, atapata Sh. 37,700,000 kabla ya kodi ya fremu na mshahara. Amekula mtaji.

Akibadilisha 36 kwa siku, atapata Sh. 75,300,000. Baada ya kurudisha mtaji zinabaki Sh. 35,300,000, yaani kama Sh. 980,000 kwa mwezi za kulipia pango, mfanyakazi na faida. Lakini kila betri itakuwa imezunguka mara 1,620, hivyo awe amenunua zile za mizunguko 2,000. Somo ni lile lile la duka la rejareja: mali isiyozunguka hailipi. Kituo hakifunguliwi kwa kuhesabu betri, kinafunguliwa kwa kuhesabu pikipiki, na zisizidi mno wala kupungua 30 zinazopita hapo kila siku. Mtu mmoja akinunua kituo wakati vijiwe bado ni vya petroli, atasubiri peke yake. Vyama vya madereva na SACCOS ndivyo vyenye nafasi nzuri zaidi ya kuanza, kwa sababu wateja ndio wenye mali.

Umeme wenyewe

Linabaki suala la uhakika wa umeme. Mgawo wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 bado unakumbukwa. Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere uliwashwa, kati ya mitambo tisa yenye uwezo wa megawati 2,115 kwa jumla. Hata hivyo bwawa hilo liko mbali na Kaskazini. Maji ya Kilimanjaro yenyewe, yakifika Nyumba ya Mungu, hutoa megawati 8 tu. Kwa mwananchi wa Mwika, tatizo la mara kwa mara zaidi ni nguzo na nyaya wakati wa mvua za masika. Petroli inaweza kununuliwa kwa kidumu giza likiwa limetanda, umeme hauwezi. Anayetegemea pikipiki moja ya umeme kwa chakula cha siku aweke akiba ya siku chache za kutofanya kazi.

Umeme wa jua unaweza kusaidia, lakini kwa uniti 3 kwa siku zinahitajika paneli za karibu wati 1,000, na kati ya Juni na Agosti wingu hutanda mlimani siku nzima. Paneli zinafaa zaidi Himo kuliko Mwika.

Majirani wameanza kutumia bei kama kichocheo. Kenya ilitangaza mwaka 2023 bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri, Sh. 16 za Kenya kwa uniti, na nusu yake katika saa ambazo matumizi ni madogo. Ethiopia ilikwenda mbali zaidi, mwezi Januari 2024 ikapiga marufuku kuingiza magari binafsi yasiyo ya umeme. Bei ya namna ya Kenya hapa nchini ingeondoa ule mtego wa D1 na kuwapa nafuu wanaochaji usiku.

Wakati hayo yakisubiriwa, ushauri kwa mwekezaji mdogo ni huu. Mwenye kazi ya uhakika ya kilometa 80 kwa siku, betri ya lithiamu yenye dhamana iliyoandikwa na mota ya katikati, anaweza kununua. Mwenye safari moja tu kwa siku abaki na petroli, kwani kwa hesabu hizo hizo tofauti ya bei itamchukua karibu miaka sita kurudi. Na anayetaka kutoa pikipiki ya umeme kwa mkataba aanze na kipengele cha betri kabla ya kuandika kiwango cha hesabu. Kijana akiuliza akiba ya betri inakaa wapi, ajibiwe kwa maandishi.